Kompyuta za Kwanta: Jinsi Zinavyohesabu na Jinsi Zinavyoamriwa

Miongoni mwa mambo ya sayansi yanayotajwa sana siku hizi na kueleweka kidogo ni kompyuta za kwanta. Aghalabu tunaarifiwa kwamba mashine hizi hujaribu majibu yote ya swali kwa wakati mmoja, kisha hutoa lile lililo sahihi. Maelezo hayo ni mepesi na yanavutia, lakini si ya kweli. Kama yangekuwa ya kweli, pasingekuwa na fumbo la hesabu ambalo lingezishinda mashine hizi, na kazi ya kuziandikia programu ingekuwa ndogo mno.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, namna kompyuta ya kwanta inavyolifikia jibu. Pili, zana ambazo watunga programu wanazitumia kuiamuru. Tatu, kwa nini jambo hili linamhusu hata msomaji ambaye huenda asipate kamwe kuiona mashine yenyewe kwa macho yake. Hesabu zitakazotumika hazizidi zile za shule ya sekondari: vipeo, namba hasi, wastani na kigawo kikubwa cha shirika.

Asili ya wazo

Mwaka 1981 Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965, aliuhutubia mkutano wa wataalamu wa fizikia na kompyuta huko Massachusetts. Hoja yake ilikuwa hii: atomu, elektroni na chembe nyingine ndogo za maumbile hufuata kanuni za kwanta, na kuzikokotoa kwa kompyuta ya kawaida ni kazi inayokua upesi mno kila chembe moja inapoongezwa. Basi afadhali itengenezwe kompyuta ambayo yenyewe inazifuata kanuni hizo.

Mwaka 1985 David Deutsch wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, aliiwekea kompyuta ya namna hiyo msingi wa kinadharia. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, faida zilizojulikana zilihusu maswali ya kinadharia tu. Mambo yalibadilika mwaka 1994, wakati Peter Shor wa Maabara za Bell, Marekani, alipoonyesha jinsi kompyuta ya kwanta ingeweza kuzigawanya namba kubwa katika vigawo vyake kwa haraka. Miaka miwili baadaye Lov Grover, wa Maabara hizo hizo, alionyesha jinsi ya kutafuta kitu kimoja miongoni mwa vingi kwa hatua chache. Utaratibu kama huo wa hesabu, ulioagizwa hatua kwa hatua, wataalamu huuita algoriti.

Biti na kyubiti

Kompyuta ya kawaida huhifadhi habari kwa biti, na kila biti ni 0 au 1. Kompyuta ya kwanta hutumia kyubiti. Hali ya kyubiti moja huelezwa kwa namba mbili: moja ni ya 0 na nyingine ni ya 1. Tuziite namba hizo vimo, kwa maana zinafanana na kimo cha wimbi kutoka usawa wa maji yaliyotulia. Kama vile maji yawezavyo kuwa juu ya usawa huo au chini yake, kimo chaweza kuwa chanya au hasi. (Kwa ukamilifu, vimo ni namba changamano, lakini kwa makusudi yetu namba chanya na hasi zinatosha.)

Mtu akiipima kyubiti hapati vimo hivyo. Hupata 0 au 1 tu, na uwezekano wa kupata kila jibu ni mraba wa kimo chake. Mathalan, kama kimo cha 0 ni 0.6 na kimo cha 1 ni 0.8, uwezekano wa kupata 0 ni 0.36 na wa kupata 1 ni 0.64, na jumla yake ni 1. Yafaa msomaji atambue kwamba kama kimo cha pili kingekuwa −0.8, uwezekano ungekuwa ule ule. Alama ya hasi haionekani wakati wa kupima. Hata hivyo, alama hiyo isiyoonekana ndiyo inayofanya kazi yote, kama tutakavyoona.

Kyubiti mbili kwa pamoja zina vimo 4, kwa ajili ya 00, 01, 10 na 11. Kyubiti tatu zina vimo 8. Kila kyubiti inayoongezwa huzidisha idadi ya vimo mara mbili, hata kyubiti 20 zina vimo 1,048,576, na kyubiti 50 zina vimo ambavyo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 16.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaona vimo milioni moja katika kyubiti 20, nao wanadhani wamepata kompyuta milioni moja. Lakini kupima huleta jibu moja tu, tena kwa kubahatisha, na vimo vingine vyote hutoweka. Wala haiwezekani kuinakili hali ya kyubiti kwanza ili ipimwe mara nyingi. Ilithibitishwa mwaka 1982 kwamba kanuni za kwanta haziruhusu kunakili hali isiyojulikana. Kwa hiyo mtu aliyeweka majibu milioni moja kwa pamoja na kupima papo hapo hana tofauti na mtu aliyetumbukiza mkono guniani akaokota karatasi moja bila ya kuchagua.

Majibu yasiyo sahihi hufutana

Nguvu ya kompyuta ya kwanta imo katika tabia moja ya vimo: huongezana kama mawimbi. Kilele cha wimbi moja kikikutana na kilele cha jingine, maji huinuka zaidi. Kilele kikikutana na bonde, maji hutulia kana kwamba hapakuwa na wimbi. Uwezekano wa kawaida, kama ule wa kurusha sarafu, hauwezi kufanya hivyo kwa sababu hauna hasi. Kazi ya mtunga algoriti ya kwanta ni kuzipanga hatua za hesabu ili njia zote zinazoelekea kwenye majibu yasiyo sahihi zifutane, na zile zinazoelekea kwenye jibu sahihi ziongezane.

Tuchukue mfano mdogo wa algoriti ya Grover. Kuna visanduku vinne vilivyofungwa, vyenye majina 00, 01, 10 na 11. Kimoja tu kina shilingi; tuseme ni 10, ingawa anayetafuta hajui. Mtu wa kawaida aweza kulazimika kufungua visanduku vitatu kabla ya kuwa na hakika. Kompyuta ya kwanta hufanya hivi:

Hatua ya kwanza: vimo vyote vinne vinafanywa kuwa sawa, kila kimoja 1/2. Mraba wa 1/2 ni 1/4, yaani kila kisanduku kina uwezekano sawa.

Hatua ya pili: panaulizwa swali moja, "Shilingi iko wapi?", nalo hujibiwa kwa kugeuza alama ya kimo cha kisanduku chenye shilingi. Sasa vimo ni 1/2, 1/2, −1/2 na 1/2. Tukipima hapa hatujapata faida yoyote, kwani mraba wa −1/2 ni ule ule 1/4.

Hatua ya tatu: kila kimo kinapinduliwa kuuzunguka wastani. Wastani wa vimo hivyo vinne ni 1/4. Vimo vitatu vilivyokuwa 1/2 vilikuwa juu ya wastani kwa 1/4; vikishushwa chini yake kwa kiasi hicho hicho vinakuwa 0. Kimo cha 10 kilikuwa chini ya wastani kwa 3/4; kikipandishwa juu yake kwa kiasi hicho hicho kinakuwa 1.

Tukipima sasa, tutapata 10 kwa hakika, na tumeuliza swali moja tu. Msomaji aweza kuchukua kalamu na kuhakikisha mwenyewe. Jambo la kuzingatia ni kwamba hatua ya tatu haikujua shilingi iko wapi. Ilifanya kitendo kile kile kwa vimo vyote. Ile alama ya hasi ndiyo iliyofanya vitatu vifutike na kimoja kikue.

Visanduku vikiwa milioni moja, kugeuza na kupindua mara moja hakutoshi. Inabidi kurudia mara 785 hivi. Hiyo ni nafuu kubwa ikilinganishwa na kufungua visanduku nusu milioni kwa wastani. Lakini tahadhari: anayeendelea kurudia baada ya hapo hukiona kimo cha jibu sahihi kikianza kupungua tena. Kama mpishi wa maandazi, mtunga programu hana budi kujua wakati wa kuepua. Tena, Charles Bennett na wenzake watatu walithibitisha, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1997, kwamba kwa utafutaji usio na kidokezo chochote hakuna algoriti ya kwanta iwezayo kuipita ile ya Grover kwa kiasi cha maana. Kama mashine hizi zingekuwa zinajaribu majibu yote kwa pamoja, swali moja lingetosha daima.

Algoriti ya Shor

Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kufunga ujumbe wa siri inayotegemea ukweli huu: ni rahisi kuzidisha namba tasa mbili kubwa, lakini ni vigumu mno kuzipata tena kutokana na zao lake. Njia hiyo, iitwayo RSA kwa herufi za kwanza za majina yao, imeenea duniani kote katika kulinda habari zinazopita kwenye mitandao. Namba zinazotumika mara nyingi zina tarakimu 617.

Shor alitumia ukweli unaoweza kuonyeshwa kwa namba ndogo. Tutafute vigawo vya 21. Tuchukue vipeo vya 2, yaani 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, na kila mara tugawanye kwa 21 na kuandika baki. Tutapata 2, 4, 8, 16, 11, 1, halafu tena 2, 4, 8, 16, 11, 1. Mabaki hujirudia kila baada ya hatua 6. Nusu ya 6 ni 3, na 2 kwa kipeo cha 3 ni 8. Sasa tutoe 1 na tuongeze 1: tunapata 7 na 9. Kigawo kikubwa cha shirika cha 7 na 21 ni 7. Cha 9 na 21 ni 3. Na 7 mara 3 ni 21.

Hesabu zote hizo zaweza kufanywa na kompyuta ya kawaida, isipokuwa moja. Namba ikiwa na tarakimu mamia, mzunguko wa mabaki ni mrefu mno kuhesabiwa. Hapo tu ndipo panapohitajiwa kwanta. Namna yake yaweza kufananishwa na mtu anayesikiliza ngoma yenye mapigo yanayojirudia, huku akijaribu kupiga makofi kwa kasi mbalimbali. Kwa kasi isiyoafikiana na ngoma, kofi moja huangukia kwenye pigo na jingine katikati ya mapigo, hata mwishowe yote hufutana. Kwa kasi inayoafikiana, kila kofi huongeza nguvu ya pigo. Kitendo cha hesabu kinachofanya hivyo huitwa badiliko la Fourier, kwa jina la Joseph Fourier wa Ufaransa. Vimo vya kasi zisizoafikiana karibu vyote hufutika, na kupima hutoa kasi mojawapo inayoafikiana. Kutokana nayo kompyuta ya kawaida hukokotoa urefu wa mzunguko. Pengine huwa lazima kurudia mara chache, lakini kila jibu huhakikishwa kwa kuzidisha tu.

Zana za kuandikia programu

Bernhard Ömer wa Vienna, Austria, alibuni mojawapo ya lugha za kwanza za kompyuta za kwanta mwaka 1998, wakati mashine zenyewe zilikuwa bado katika uchanga wake. Mwezi Mei 2016 kampuni ya IBM iliifungulia dunia kompyuta yake ya kyubiti 5 kupitia intaneti. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitoa zana zake ziitwazo Qiskit, na mwishoni mwa mwaka huo huo Microsoft ikatoa lugha ya Q#. Mwaka 2018 Google ilitoa Cirq. Qiskit na Cirq hutumiwa kwa kuandika katika Python, lugha inayojulikana na watunga programu wengi, na zote tatu hupatikana bila malipo.

Zana hizi hufanya kazi nne. Ya kwanza ni kuandika. Mtunga programu hutaja idadi ya kyubiti, kisha huorodhesha vitendo vinavyoitwa milango, ambavyo kila kimoja hubadili vimo kwa namna maalumu. Mfano wetu wa visanduku vinne huhitaji kyubiti 2 na milango 14: miwili ya kusawazisha vimo, mitatu ya kuuliza swali, na tisa ya kupindua kuuzunguka wastani.

Kazi ya pili ni kutafsiri. Kila mashine ina milango yake michache inayoielewa, na katika mashine nyingi kyubiti huweza kushirikiana na zile zilizo jirani tu. Zana huigeuza programu iwe katika milango hiyo, na pale ambapo kyubiti mbili zilizo mbali zinatakiwa kukutana, huongeza hatua za kubadilishana nafasi. Mtafsiri mzuri huongeza hatua chache. Mbaya huongeza nyingi, na kila hatua ni nafasi ya kosa.

Kazi ya tatu ni kuiga. Kompyuta ya kawaida yaweza kuvihifadhi vimo vyote na kuvikokotoa kimoja kimoja. Kila kimo kikichukua baiti 16, kyubiti 20 huhitaji megabaiti 17 hivi, jambo ambalo kompyuta ndogo ya mwanafunzi hulimudu. Kyubiti 30 huhitaji gigabaiti 17 hivi. Kyubiti 50 huhitaji gigabaiti milioni 18, na hapo ndipo hoja ya Feynman inapoonekana waziwazi.

Kazi ya nne ni kurudia na kuhesabu. Kwa kuwa upimaji una bahati ndani yake, programu hutekelezwa mara nyingi, tuseme mara 1,000, na zana huhesabu kila jibu limetokea mara ngapi. Katika kuiga, programu yetu hutoa 10 mara zote 1,000. Katika mashine halisi majibu mengine nayo hujitokeza, kwa sababu ya makosa.

Kuna kazi moja ambayo zana hizi haziifanyi. Hazimtungii mtu algoriti. Hazimwambii ni wapi aweke hasi ili majibu yasiyo sahihi yafutane. Tena, katika mashine halisi mtunga programu hawezi kusimama katikati ya hesabu na kuchungulia vimo, kwa kuwa kuchungulia ni kupima, na kupima huivunja hesabu.

Tatizo la makosa

Kyubiti ni dhaifu. Nyingine hutengenezwa kwa saketi zinazopitisha umeme bila ukinzani, zikihifadhiwa katika baridi iliyo sehemu ndogo tu ya digrii moja juu ya sifuri halisi. Nyingine ni atomu moja moja zenye chaji, zilizoshikwa katika ombwe kwa nguvu za umeme na kuamriwa kwa miali ya leza. Mtikisiko mdogo wa joto au wa sumaku huvuruga vimo. Tuseme kila mlango hufanya kazi sawasawa mara 995 katika 1,000. Programu ya milango 100 itapita bila kosa mara 61 hivi katika 100. Programu ya milango 1,000 itapita pungufu ya mara moja katika 100.

Mwaka 1995 Shor alionyesha kwamba makosa yaweza kusahihishwa kwa kuifanya kyubiti moja ya hesabu iundwe na kyubiti nyingi za mashine. Mwezi Desemba 2024 Google ilitangaza matokeo ya mashine ya kyubiti 105, ambamo makosa yalipungua kadiri kundi la kyubiti lilivyoongezwa, jambo lililokuwa likitafutwa kwa miaka mingi. Hata hivyo safari bado ni ndefu. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 yalisema kwamba kuvunja namba ya RSA yenye tarakimu 617 kungehitaji kyubiti milioni 20 kwa saa 8. Mwaka 2025 Craig Gidney wa Google, mmoja wa watoaji wa makadirio hayo, alionyesha kwamba kyubiti pungufu ya milioni moja zingetosha kwa muda usiofika wiki moja. Upungufu huo haukutokana na kukua kwa mashine katika miaka hiyo sita. Ni algoriti zilizoboreshwa. Hilo ni somo kwa yeyote anayedhani kwamba maendeleo haya ni ya viwanda peke yake.

Jambo linalotuhusu

Ujumbe uliofungwa kwa RSA leo waweza kunakiliwa na adui leo, ukawekwa, na kufunguliwa miaka mingi baadaye mashine itakapopatikana. Kwa habari ya bei za sokoni hilo si hasara. Kwa kumbukumbu za wagonjwa, hati za ardhi na siri za dola, ambazo hazina budi kulindwa kwa miongo kadhaa, hatari imekwisha anza. Ndiyo maana mwezi Agosti 2024 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya njia mpya za ulinzi, ambazo hazitegemei ugumu wa kutafuta vigawo na zimekusudiwa kustahimili kompyuta za kwanta. Njia hizo hutumika katika kompyuta za kawaida. Hakuna haja ya kumiliki mashine ya kwanta ili kujikinga nayo. Kwa mifumo inayotumia ufunguo mmoja wa siri kwa pande zote mbili, tishio kubwa linalojulikana ni lile la Grover, nalo hukabiliwa kwa kuurefusha ufunguo, mathalan kutoka biti 128 hadi 256.

Kwa hiyo ofisi yoyote inayonunua mfumo wa kutunza habari za watu haina budi kumwuliza muuzaji maswali mawili: mfumo huu unatumia njia gani ya kufunga siri, na je, njia hiyo yaweza kubadilishwa bila kuubomoa mfumo wote? Kubadilisha kufuli za taifa zima ni kazi ya miaka.

Ama kwa vijana wetu, mlango uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Matriki, namba changamano na nadharia ya uwezekano ni masomo ya hesabu yaliyozoeleka, si elimu ya siri. Kompyuta ndogo yenye uwezo wa kuiga kyubiti 20 inatosha kujaribu algoriti zote mbili zilizoelezwa hapa, kwa namba ndogo. Mwanafunzi aliyekwisha kuona kwa macho yake vimo vitatu vikiwa sifuri na kimoja kikiwa 1 hatadanganywa na matangazo ya biashara. Akiambiwa kwamba mashine fulani ya kwanta itamaliza tatizo la usafiri, la mikopo au la dawa, atauliza swali moja tu: ni kitu gani katika tatizo hilo kinachofanya majibu yasiyo sahihi yafutane? Asipopata jibu, na aweke fedha zake mfukoni.